Nani Ameshika Ufunguo? Maneno kwa Wanaoanza Kuchapisha Mtandaoni



Haupiti muhula pasipo mwanafunzi, mwanaharakati au mtumishi wa halmashauri fulani kuniuliza swali hili: "Dokta, nataka kuanza kuandika mtandaoni. Nitumie chombo gani?" Swali ni jema, lakini kwa kawaida hujibiwa kwa kutajiwa majina: WordPress, Blogger, Facebook, Telegram, YouTube. Ni sawa na mtu anayetaka kujenga kuulizwa anapenda nyundo ya aina gani kabla hajaulizwa kiwanja kiko wapi na hati ya kiwanja hicho ina jina la nani. Mimi hufundisha masuala ya siasa na jamii, si kompyuta. Hata hivyo, kadiri ninavyosoma kazi za vijana wetu ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba suala la mahali pa kuyaweka maandishi ni la kisiasa kabla halijawa la kiufundi. Nani ameshika ufunguo wa mahali hapo? Nani ataweza kuyasoma maandishi hayo miaka mitano ijayo? Nani anaweza kuyafuta usiku mmoja bila kukuuliza?

Makala haya ni kwa ajili ya yule anayeanza kabisa. Mjuzi wa mambo haya anivumilie. Huenda akakuta humo jambo moja au mawili ya kubishana nami.

Tuanzie pale walipo wengi wetu, yaani kwenye makundi ya WhatsApp. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili niliyemsimamia alifanya utafiti juu ya kamati za maji za vijiji. Katika kijiji kimojawapo alikuta kisima kilichochimbwa kwa fedha za wafadhili kimesimama kwa kukosa kipuri cha pampu, ilhali wanakijiji walikuwa wakichangia kila mwezi na kamati haikuwa na daftari la mapato na matumizi. Alipomaliza tasnifu yake, aliandika muhtasari wa kurasa nne kwa Kiswahili ambacho diwani yeyote angekielewa, akautuma kwenye makundi matatu. Kwa siku mbili sifa zilimiminika. Miezi minne baadaye, diwani wa kata ya jirani alimtafuta akiutaka muhtasari ule ili aupeleke kwenye baraza la madiwani. Kwa wakati huo simu ya binti huyu ilikuwa imekwisha kuibwa kwenye daladala. Kilichopatikana, baada ya kuuliza huku na huko, ni nakala iliyokuwa imezunguka mikononi mwa watu: jina la mwandishi limeondolewa, jedwali la michango limevurugika hata halisomeki, na mwishoni mtu asiyejulikana ameongeza sentensi inayomtuhumu mwenyekiti wa kijiji kwa wizi, jambo ambalo utafiti haukulisema popote. Diwani aliukataa waraka ule. Sikumlaumu.

Simwambii mtu aachane na WhatsApp. Ndiko waliko wasomaji, na ndiko bando dogo linakofika. Lakini tuelewe asili ya kitu chenyewe. Ujumbe wa kundini hauna anwani ambayo mtu wa nje anaweza kuifungua. Injini za utafutaji hazimo kundini, hivyo hakuna atakayeupata kwa kuutafuta Google. Anayeunakili na kuubandika upya anaweza kuuhariri apendavyo, na anayeupokea hana namna ya kuulinganisha na asili. Tangu Aprili 2020 kampuni yenyewe imeweka kikomo: ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi hupelekwa kwa kundi moja tu kwa wakati mmoja. Kikomo hicho kiliwekwa kupunguza uzushi, na kina maana yake, lakini kinatukumbusha kwamba kasi ya maneno yetu inaamuliwa na ofisi ambayo hatujapata kuiona. Kundi ni baraza la kuzungumzia. Aliyekosa kuwepo jioni ile hatakuta kilichosemwa.

Suala la nani anamiliki chombo si geni katika historia yetu ya uandishi. Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa mwaka 1923, lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni. Waafrika wa Tanganyika waliliandikia barua, mashairi na habari za kwao, lakini kalamu ya mwisho ilikuwa mkononi mwa serikali. Mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka jijini Dar es Salaam ambaye asili yake ilikuwa Uganda, alianzisha gazeti la Kwetu. Jina lenyewe lilikuwa hoja. Aliendelea kuhangaika na fedha na wakubwa, lakini Mwafrika alikuwa amepata pahali pa kusema bila kuomba nafasi kwenye meza ya mtu mwingine.

Wavuti ilipokuja, ilionekana kana kwamba tatizo la Fiah limekwisha. Mwezi Aprili 1993 kituo cha CERN kule Geneva kiliiachia teknolojia ya wavuti itumiwe na yeyote bila malipo. Ilibaki kazi ya kujua lugha ya kuandikia kurasa, na hiyo iliwazuia wengi hadi ilipozinduliwa huduma ya Blogger mwaka 1999, kisha programu ya WordPress mwaka 2003. Hapo ndipo mtu asiyejua msimbo hata mmoja alipoweza kuandika, akabofya, na maneno yake yakasomwa Mwanza na Muscat kwa dakika ileile. Katika lugha yetu Ndesanjo Macha, kwa blogu yake ya Jikomboe, alikuwa miongoni mwa watangulizi. Naye Issa Michuzi, aliyeanza mwaka 2005, akawa dirisha ambalo Watanzania wengi wa ughaibuni walichungulia nyumbani kupitia kwalo.

Kisha ikadhihirika kwamba nyumba nyingi tulizohamia zilikuwa za kupanga. GeoCities, ambako watu wa dunia nzima walikuwa wamejenga kurasa zao tangu miaka ya 1990, ilifungwa na Yahoo mwezi Oktoba 2009. Google Reader, chombo ambacho wengi tulikitumia kufuatilia waandishi kadhaa kwa pamoja, kilizimwa tarehe 1 Julai 2013. Google+ ilifungiwa watumiaji wa kawaida mwezi Aprili 2019. Katika kila tukio mpangaji alipewa taarifa, akaambiwa ahamishe vyake. Aliyekuwa hasomi barua pepe zake mwezi huo, au aliyekwisha kufariki na kuwaachia watoto maandishi yake, alipoteza.

Kwa hiyo, mwenye kuanza atofautishe vitu vitatu ambavyo wauzaji hupenda kuvifunga katika kifurushi kimoja. Kuna jina, kuna nyumba, na kuna vyombo vya ndani. Jina ni anwani yako mtandaoni, mathalani ile inayoishia na .co.tz au .or.tz, ambayo husajiliwa na kulipiwa kila mwaka kupitia mawakala wanaotambuliwa na wasimamizi wa majina hayo. Nyumba ni seva, yaani kompyuta iliyo mahali fulani duniani ambamo faili zako hukaa. Vyombo ni programu unayotumia kuandika na kupanga maandishi. Ukiwa na jina lako mwenyewe, unaweza kuhama nyumba na kubadili vyombo bila wasomaji kupotea njia, kwa kuwa anwani wanayoijua haibadiliki. Ukitumia jina la kampuni, siku ukihama viungo vyote vilivyowekwa na wenzako katika tasnifu na ripoti zao vinakufa. Hilo la viungo kufa ndilo linaloniuma zaidi mimi ninayesahihisha tasnifu. Kila mwaka nakuta orodha za marejeo ambazo sehemu yake haifunguki tena.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. WordPress ni vitu viwili. Kuna programu huria ambayo yeyote anaweza kuipakua bure na kuiweka kwenye seva aliyoikodi, na kuna huduma ya kampuni, WordPress.com, ambayo hukupa nyumba na vyombo kwa pamoja, bure kwa kiwango cha chini na kwa malipo ukitaka zaidi. Ushauri wangu kwa mwanafunzi asiye na kitu ni kuanza na huduma ya bure bila kuona haya, iwe hiyo au Blogger, na kulipia jina lake mwenyewe siku ya kwanza atakapopata fedha. Huduma zote mbili zina kipengele cha kuhamisha maandishi yote nje katika faili moja. Kitumie kila mwisho wa mwezi. Weka faili hiyo mahali pawili, mojawapo pawe nje ya simu yako. Ni kazi ya dakika tano, na laiti binti wa kamati za maji angekuwa na faili ya namna hiyo, baraza la madiwani lingekuwa na waraka wa kujadili.

Nenosiri la nyumba hiyo nalo lisiwe lile la Facebook, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe. Mengine ya ulinzi nitayagusa mbele.

Kuhusu umbo la maandishi nitasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo ofisi zetu za umma, na vyuo vyetu pia, zimelifanya kuwa mateso. Waraka huandikwa kwa kompyuta, huchapwa kwenye karatasi, hupigwa muhuri, kisha karatasi hiyo hupigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti ikiwa PDF. Matokeo yake ni kwamba macho yanaona maneno lakini kompyuta inaona picha. Hakuna neno linaloweza kutafutwa. Asiyeona, anayetegemea programu ya kusomewa kwa sauti, hasomewi kitu. Na uzito wake! Makala ya maneno 2,000 ya Kiswahili, yakiwekwa kama maandishi matupu, ni kama kilobaiti 15. Picha moja tu ya ukurasa iliyopigwa kwa simu inaweza kufika megabaiti 3, yaani uzito wa makala kama hayo 200. Anayenunua bando la siku kwa shilingi mia tano huko Kibondo au Newala ndiye anayelipia uvivu wetu. Watumishi wa umma mnaonisoma, hili liko ndani ya uwezo wenu leo hii na halihitaji bajeti: pamoja na nakala yenye muhuri, wekeni na maandishi yenyewe ndani ya ukurasa. Tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tangu mwaka 2016, na taarifa isiyotafutika wala kufunguka haijamfikia mwananchi kwa maana yoyote ya maana.

Maandishi yakishakaa nyumbani kwake, ndipo mitandao ya kijamii na makundi yanapokuwa na kazi yake halali, ambayo ni kupiga mbiu. Tuma aya mbili zenye kiini cha hoja, kisha kiungo. Atakayetaka kuthibitisha ataingia na kukuta jina, tarehe, jedwali lisilovurugika, na masahihisho kama yapo. Ukisahihisha, andika ulichosahihisha na lini, usibadilishe kimyakimya. Upo pia mlisho wa RSS, ambao blogu nyingi huutengeneza zenyewe bila mwenye nyumba kujua. Kwa huo msomaji hupokea kila andiko jipya kwenye programu ya kusomea, bila kampuni yoyote kumchagulia cha kuona. Ni teknolojia ya zamani, haina mbwembwe, na mimi bado naitumia kila asubuhi.

Wengine huogopa kwamba wakiweka kazi mtandaoni itaibwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi tangu anapoiandika kazi yake, hata asipoisajili COSOTA. Lakini ulinzi huo una upande wa pili: mwalimu wa sekondari anayetaka kuwatolea wanafunzi nakala za makala yako hajui kama unamruhusu. Leseni za Creative Commons, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2002, ziliundwa kwa ajili ya hali hiyo. Kwa mstari mmoja chini ya makala unamwambia kila mtu kwamba anaweza kunakili na kusambaza ilimradi akutaje, na ukitaka unaongeza kwamba asiuze au asibadilishe. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, inaishi kwa leseni ya aina hiyo, ila yenyewe inaruhusu kubadilisha. Kwa utafiti uliolipiwa na kodi za wananchi, mimi sioni sababu ya kuchagua kinyume cha uwazi.

Wapo watakaosema haya yote ni ya watu wenye nafasi, na kwamba mambo yanapochafuka hakuna anayekumbuka leseni. Nawakumbusha Kenya. Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi wa rais yalipotangazwa na ghasia kuanza, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari. Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa akiandika blogu, alikuwa akipokea taarifa nyingi kuliko alivyoweza kuzichapisha, akaomba hadharani mwenye ujuzi amsaidie kuziweka kwenye ramani. Ndani ya siku chache wenzake walijenga tovuti iliyopokea taarifa kwa ujumbe mfupi wa simu na kwa wavuti, ikaonyesha kila tukio mahali lilipotokea. Wakaiita Ushahidi. Programu hiyo iliachwa huria, na mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Kilichonivutia daima katika kisa hiki ni mpangilio wake. Kwanza kulikuwa na haja, kisha kukawa na mahali pa wazi ambapo haja hiyo ilitamkwa na kusomwa na wageni. Chombo kilikuja mwisho. Ombi lile lingebaki ndani ya kundi la watu ishirini, huenda wenye ujuzi wasingelisikia.

Sasa nije kwenye sheria, ambako sauti za wanaoniuliza huwa zinashuka. Mwezi Machi 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni: shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni ya mwanzo, na 1,000,000 za kila mwaka. Jumla shilingi 2,100,000. Bumu la mwanafunzi kwa chakula na malazi wakati huo lilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Mwanafunzi angelazimika kufunga siku 247 ili apate ruhusa ya kuandika. Mwezi Juni mwaka huo JamiiForums ilisimamisha huduma zake kwa muda, na blogu nyingi ndogo zilikufa bila hata kuaga. Uganda nako, kuanzia tarehe 1 Julai 2018, kuliwekwa kodi ya shilingi 200 za huko kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, kodi iliyoondolewa mwaka 2021 na nafasi yake kuchukuliwa na kodi ya asilimia 12 juu ya data. Kanuni zetu ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022, na ada zikashuka. Kwa hiyo usitegemee simulizi za 2018, wala makala haya. Pata kanuni zinazotumika siku unayoanza, zisome mwenyewe, na uangalie kama unachotaka kufanya kinahitaji leseni. Soma pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hasa kifungu cha 16 kinachohusu taarifa za uongo. Nina maoni yangu juu ya kifungu hicho na nimekwisha kuyasema darasani, lakini asiyekijua atanaswa nacho kama anayekijua. Mtumishi wa umma aongeze kanuni za utumishi na masharti ya siri za ofisi. Ripoti iliyokwisha kutangazwa unaweza kuichambua. Rasimu iliyo mezani kwako si mali yako.

Wanaharakati wana la ziada. Simu nyingi huandika ndani ya faili ya picha saa iliyopigwa na, kama kipengele hicho hakikuzimwa, mahali penyewe kwa vipimo vya latitudo na longitudo. Baadhi ya mitandao ya kijamii huziondoa taarifa hizo picha inapopandishwa. Ukiipandisha kwenye tovuti yako mwenyewe au ukiituma kwa barua pepe, mara nyingi zinabaki. Faili ya Word hubeba jina la aliyeiandika, pengine na masahihisho uliyodhani umeyafuta. Mama aliyekueleza jinsi mpaka wa shamba lake ulivyosogezwa hakukupa ruhusa ya kuonyesha mlango wake kwenye ramani. Kagua faili kabla ya kuipandisha, na ukiwa na shaka piga picha upya huku kipengele cha mahali kikiwa kimezimwa.

Ukisha kuchapisha, nenda kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, bandika anwani ya ukurasa wako, uagize uhifadhiwe. Ni bure. Hata jina lako likija kukosa kulipiwa, nakala hiyo itabaki na tarehe yake.

Na ukikosa cha kuandika, chukua tasnifu yako. Kwa kawaida matokeo yako yamo katika sura ya nne, ile ambayo msimamizi na mtahini wameisoma na pengine hakuna mwingine. Iandike upya kwa maneno 900, kwa Kiswahili, bila istilahi za nadharia. Weka jedwali moja lenye tarakimu ulizozikusanya mwenyewe, taja kata na mwaka, ondoa majina ya waliokuamini, kisha mtumie kiungo mtendaji wa kata uliyofanyia utafiti. Namba yake unayo bado.